Kujiandikisha ONEM kuwe lazima? Watu wa Lubumbashi, tujadiliane

Swali langu ni hili: Leta, yaani serikali, imlazimishe kila anayetafuta kazi ajiandikishe kwenye Ofisi ya Taifa ya Kazi, yaani ONEM, na kampuni zikatazwe kuajiri asiye na kadi yake? Kila tangazo la mgodi likibandikwa na vijana wakajaa getini, wazo hili linarudi.

Mimi napinga. ONEM ipo tangu 2002, na waajiri wanaichangia kutokana na mishahara wanayolipa. Kifungu cha 36 cha Katiba yetu ya Kongo ya 2006 kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu, na kwamba Leta inamkinga raia na ukosefu wa kazi. Haya, kinga iko wapi? CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inalipa pensheni, ajali za kazini na posho za familia. Aliyekosa kazi hapati kitu. Ufaransa wanabana, ndiyo: sheria ya Desemba 2023 inamtaka anayepokea RSA, posho ya wenye kipato kidogo sana, afanye shughuli angalau masaa 15 kwa wiki, la sivyo posho inaweza kusimamishwa. Lakini yule amepewa kitu ndipo akadaiwa. Sisi tutamdai mtu ambaye tumempa kadi tu?

Alazimishwe patroni, yaani mwajiri, kwanza. Kila nafasi iandikishwe, na jina la aliyechukuliwa libandikwe pale pale tangazo lilipokuwa.

Kijana wa Katuba, fundi umeme
Yaya, mimi nataka lazima. Leo kazi inatolewa kwa simu. Mkubwa anamwita shemeji yake, tangazo linakuja baadaye kutimiza kanuni. Tukiwa wote kwenye daftari moja na namba yangu ikawa mbele ya ya shemeji, nina pa kushikia. Bila daftari nitalalamika na ushahidi gani?

Mama wa Ruashi
Mwanangu, umeshahesabu dosye inakula kiasi gani? Fotokopi ya kadi ya mpiga kura, fotokopi ya diploma, picha, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha daktari kwamba mwili unafaa kwa kazi, bahasha ya kaki. Kila karatasi ina dirisha lake, na kila dirisha lina matabishi yake, ile hongo ndogo. Muda wa cheti ukiisha, unalipa upya. Binti yangu anauza unga sokoni. Siku akienda kupanga mstari mjini, jioni bukari, ugali wetu, hakuna. Mnaosema lazima, mtamlipa ile siku?

Naajiri kwa kampuni ya sutretansi
Ngoja niseme upande wetu wa sutretansi, sisi tunaopewa kazi na kampuni kubwa tuifanye kwa niaba yao, mtanitukana baadaye. Mgodi unatuambia Ijumaa jioni unataka waendesha mashine Jumatatu asubuhi. Nikingoja biro ya ONEM iniletee majina, kazi inakwenda kwa mwingine. Sheria ya 2017 ilizipa kampuni za Wakongomani nafasi kwenye sutretansi, hii nyingine itatufunga miguu. Tena kadi hainiambii kama mtu anajua kuchomelea.

Mwanzisha mada
Papa, hakuna wa kukutukana. Ila huyo mwendesha mashine wa Jumatatu, Jumamosi unampata kwa njia gani? Kwa simu. Ndicho anacholalamikia kijana wa Katuba.

Mzee wa Likasi
Wanangu, 2003 tulitoka Gécamines, kampuni ya migodi ya Leta, watu zaidi ya 10,000, wakaita kuondoka kwa hiari, pesa zikatoka Benki ya Dunia. Hiari gani, na mishahara ilikuwa haijalipwa miezi na miezi? Nilipewa changu, nikaambiwa nijitegemee. Mwenzangu mmoja alinunua basi kuukuu, likamfia njia ya Kolwezi. Mimi nilikuwa fundi wa pampu. Hakuna aliyeniuliza najua kufanya nini, na pampu zipo kila mgodi! Ningependa sana siku ile mtu aniandike mahali. Kwa hiyo daftari msilidharau. Ila aliyeandikwa apelekwe INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, akajifunze mashine za sasa. INPP ipo tangu 1964, si kitu cha kubuni.

Kampemba hapa
Na yale matangazo ya "umri usizidi miaka 35, uzoefu miaka 5"? Daftari litayafuta?

Kijana wa Katuba, fundi umeme
Mama wa Ruashi kanishika, nakubali. Basi tujiandikishe kwenye komini zetu, mitaa ya mji tunakokaa, bila malipo, na cheti cha daktari kidaiwe baada ya kuchukuliwa, patroni alipe. Hapo bado mnakataa?

Mwanzisha mada
Hapo umenivuta nusu. Nusu iliyobaki ni adhabu. Inspekta wa kazi akikuta mtu ameajiriwa bila kadi, nani ataumia: patroni atakayelipa faini na kuendelea na kazi, au yule kijana atakayeambiwa arudi nyumbani? Aliye kwenye sindika, chama cha wafanyakazi, atujibu.