Barua inasema malipo ya ulemavu "yanasitishwa". Ndiyo nimefutwa?

Mpasuambao, Mafinga

Kamwene wakuu. Nachapa kwa mkono wa kushoto, mnivumilie makosa.

Nilikuwa kwenye mashine ya kupasua mbao huku Mufindi, kiwanda sikitaji. Mwezi wa pili, mvua tupu, gogo la msindano limelowa na lina fundo katikati. Msumeno ulipofika kwenye fundo gogo likaruka, glavu ikavutwa, nikaacha vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye maranda: cha shahada na cha kati. Nasimulia kwa kifupi maana usiku bado naota ule mlio.

Tangu hapo mfuko wa fidia unaniingizia shilingi 210,000 kila mwezi. Sasa wiki iliyopita nimepokea barua. Nimeisoma mara nne. Mke wangu kaisoma. Mwalimu jirani yetu naye kaisoma, kavua miwani, kasema "hii imeandikwa vizuri sana", kisha akaomba chai.

Nanukuu vipande: "malipo ya ulemavu wa muda yanasitishwa", halafu chini yake "tathmini imebaini ulemavu wa kudumu wa asilimia 18", halafu "utalipwa kwa mkupuo". Kiasi chenyewe sikiandiki hapa, wanaonidai nao wana simu.

Nisichoelewa: ulemavu wangu umekuwa wa kudumu na hapo hapo malipo yanasitishwa? Nilidhani kikidumu kidole kukosekana, na pesa idumu. Pili, vidole viwili kati ya kumi ni asilimia 20, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Hiyo mbili imekwenda wapi?

Bosi naye kanipigia, anasema karatasi aliyonitumia niisaini haraka nisije nikakosa vyote. Nisaini?

Mchumachai mstaafu

Pole sana mdogo wangu. Mimi yalinikuta kwenye shamba la chai, bega, kwa hiyo njia hiyo nimeipita.

Hujafutwa. Malipo uliyokuwa unapata ni ya kipindi cha kuuguza. Sheria inatoa asilimia 70 ya mapato yako ya mwezi wakati huwezi kufanya kazi, na yana ukomo, hayavuki miezi 24. Daktari akishaona jeraha limefika mwisho wake wa kupona, kipindi hicho kinafungwa na unapimwa kilichobaki. Kwa hiyo neno "yanasitishwa" linahusu mlango wa kwanza. Umehamishiwa mlango wa pili, wa ulemavu wa kudumu.

Kwenye mlango huo wa pili kuna mstari mmoja wa kuukumbuka: asilimia 30. Ukipimwa 30 kushuka chini unalipwa mara moja, huo ndio mkupuo. Ukivuka 30 unapewa pensheni ya kila mwezi. Wewe una 18, ndiyo maana.

Kuhusu hesabu yako ya darasa la nne, nimecheka lakini nakuelewa, mimi nilitaka kujua bega ni sehemu ya ngapi ya mtu. Hawahesabu vidole kwa kugawanya. Sheria ina jedwali, kila kiungo na uzito wake. Gumba lina uzito kuliko kidole cha mwisho kwa sababu bila gumba hushiki jembe. Asilimia hiyo ni ya uwezo wako wote wa kufanya kazi. Haihusu mkono peke yake.

Dada wa Mishahara, Mbeya

Nafanya kazi ya kuandaa mishahara hapa Mwanjelwa, nitasema la upande wangu. Kaka, acha kuikodolea macho hiyo 18. Tafuta kwenye barua mstari wa mapato ya mwezi. Wameandika ngapi?

Mpasuambao, Mafinga

Dada, wameandika 300,000. Ni kweli hiyo ndiyo ilikuwa inaingia benki. Ila kila tarehe 30 bosi alikuwa anatutumia 120,000 kwenye simu, aliita posho ya mashine. Miaka mitatu haijawahi kuruka mwezi.

Dada wa Mishahara, Mbeya

Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Asilimia 70 ya 300,000 ni 210,000, ile ile uliyokuwa unapokea. Ingekuwa 420,000, ungekuwa unapata 294,000 kwa mwezi. Na mkupuo nao unapigwa kutoka kwenye mapato hayo hayo. Mfuko haukujui, unajua kile mwajiri alichopeleka. Akipeleka kidogo anachangia kidogo: mchango huo ni asilimia 0.5 ya mishahara tangu Julai 2022 na anaulipa yeye peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti.

Unataka kuhakikisha? Chukua taarifa yako ya michango ya NSSF, ule mfuko wa mafao ya uzeeni. Kule jumla ni asilimia 20, wewe na mwajiri. Ukikuta 60,000 kwa mwezi, basi na kule alikuandika 300,000. Ina maana hata uzee wako anaupunja.

Chapisha miamala ya simu ya angalau mwaka mzima kabla ya ajali, weka na taarifa ya benki, andika barua ya kuomba mapitio. Eleza kwamba posho ililipwa kila mwezi bila kukatika. Hilo la kutokatika ndilo uzito wake, maana ovataimu ya msimu na nauli ni mambo mengine. Barua iende kabla ya tarehe ya mwisho iliyotajwa kwenye barua uliyopewa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu. Wakikataa, juu yake kuna Waziri, na juu zaidi Mahakama ya Kazi.

Na hiyo karatasi ya bosi ya kusaini haraka ni ipi? Imetoka kwa nani?

Mpasuambao, Mafinga

Nimeiangalia tena. Haina nembo ya mfuko. Imechapwa kiwandani, imeandikwa "sina madai yoyote dhidi ya mwajiri".

Mchumachai mstaafu

Usisaini. Mwambie mkono unauma.

Tena uliza kama bado una kazi. Fidia ya kidole na ajira ni mafaili mawili. Akikuachisha, malalamiko ya kuachishwa yanafunguliwa CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na hizo siku hazisubiri mkupuo wako uingie.

Kijana wa Ilula

Naongezea tu: akitokea mtu kwenye simu anasema atakuharakishia malipo ukimtumia elfu hamsini ya faili, kata simu. Dai halilipiwi ada.

Mpasuambao, Mafinga

Wakuu, narudisha mrejesho. NSSF nilikuta 60,000 kila mwezi kama dada alivyosema, yaani kama alikuwa amesimama nyuma yangu. Miamala ya simu imetoka kurasa kumi na moja. Nilipanda gari ya alfajiri kwenda Iringa, baridi ya huku mnaijua, nikaanza kwa afisa kazi. Akakaa na mimi, akapiga mstari kwa kalamu chini ya kila 120,000, akanisaidia kupanga barua. Imepelekwa, nakala yangu ina muhuri. Jibu bado. Bosi hajapiga tena tangu nimwambie mkono unauma.

Sasa limezuka jingine. Benki wanasema saini yangu hailingani na iliyopo kwenye faili. Ni kweli hailingani, ile niliiweka nikiwa na vidole kumi. Dada alinijibu kwenye ujumbe wa pembeni niende tawini na kitambulisho cha NIDA nibadilishe sampuli ya saini. Nimeenda leo. Binti wa kaunta kanipa karatasi nisaini mara tatu zifanane. Kwa kushoto ya kwanza ilitoka kama mnyoo, ya pili ikatoka nje ya kisanduku. Akanipa karatasi nyingine, akaenda kuhudumia watu wawili, akarudi. Akanikuta nimeshika kalamu katikati ya gumba na kidole cha pete, mkono wa kulia. Zikafanana zote tatu.