Wasiwasi uliokunyima usingizi: Mungu alikushikaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naanza mimi.

Mwaka jana nilikopa kikoba nikaongeza mtaji dukani. Biashara ikalala. Kila ikifika saa tisa usiku nashtuka, moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa, kifua kama kimekaliwa na mtu. Nilijua nakufa. Hospitali wakapima moyo, presha, sukari, vyote salama. Daktari akasema ni wasiwasi, akanielekeza kwa mshauri. Nyumbani ndugu yangu mmoja akaniambia, "Umepungukiwa imani." Neno lile liliniuma kuliko kile kifua.

Aliyeninyanyua ni Daudi, Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hakusema siku nisipoogopa. Basi nikachukua daftari la mwanangu, nikaliweka chini ya mto. Nikishtuka naandika linalonitisha kama lilivyo: "Marejesho ya Jumamosi 35,000, sina." Chini yake: "Bwana, nakukabidhi." Halafu napumua taratibu kama mshauri alivyonifundisha. Usiku wa kwanza niliandika mara sita. Hofu haikuondoka siku ile wala wiki ile. Ila asubuhi moja nilipata nguvu ya kufanya nililokuwa nalikwepa: nikaenda kwa mweka hazina nikamwambia ukweli. Deni wakaligawa kwa miezi. Ujasiri ule haukuwa wangu, nawaambia.

Nawe je? Simulia, hata kama bado hujavuka.

Mama wa mapacha
Amina mpendwa. Mimi ilinianza baada ya kujifungua. Mdogo alizaliwa na kilo moja na nusu. Kila dakika naweka kidole puani kwake nisikie kama anapumua. Kuomba nilishindwa, maneno hayaji. Akina mama wa jumuiya wakaja, wala hawakuhubiri. Mmoja akawasha jiko akakoroga uji wa ulezi, mwingine akamweka mtoto kifuani akaniambia, "Lala mwanangu, mimi niko macho." Nikalala masaa manne mfululizo. Nilipoamka nikamkumbuka nabii Eliya chini ya mti wa mretemu. Alikuwa anaomba kufa, na malaika hakumkemea. Alimwambia, "Inuka, ule."

Niko Muscat
Nafanya kazi za ndani huku. Simu ya nyumbani ikiita tu, tumbo linakata, najua ni msiba. Nikipata ruhusa nakwenda ibada ya Ijumaa kule Ruwi. Nisipopata, nalisema andiko la 1 Petro 5:7 huku nakunja nguo: "mkimtwika yeye fadhaa zenu zote." Hilo neno kumtwika nalijua kwa shingo yangu. Tulichota maji mbali, na ndoo ikijaa mtoto hajitwiki, lazima mtu akutwike. Sasa Petro anasema ndoo ni yangu, lakini kichwa ni cha Mungu. Nikilifikiria hilo, tumbo linaachia.

Kijana wa Eldoret
Mimi nitasema ukweli. Niliomba, nikafunga siku tatu, nikazidi kuumia. Niliacha dawa kwa sababu niliambiwa kumeza ni kutoamini. Nusura nife. Leo niko kwa dawa na niko kwa kwaya. Matatu ikijaa bado naogopa. Nashika chuma cha kiti cha mbele nasema, "Yesu, keti na mimi." Juzi nimefika mjini bila kushuka njiani.

Mleta mada
Kijana, Mungu akubariki kwa kusema. Wapendwa, anayetumia dawa asiache bila daktari wake. Paulo aliyewaandikia Wafilipi "Msijisumbue kwa neno lo lote" alikuwa kifungoni, na Wakorintho aliwaeleza wazi kwamba huko Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume huyo! Kwa hiyo tusiambiane habari ya kupungukiwa imani.

Mgeni
Shikamooni. Nimesoma yote. Leo saa tisa nimeamka tena, mikono inatetemeka. Mume wangu amelala. Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Mleta mada
Marahaba mdogo wangu. Sisi umeshatuambia. Kukikucha mwambie na mumeo, kisha mwende hospitali pamoja. Kwa sasa andika hapa kinachokutisha, kama kilivyo.

Mama wa mapacha
Andika mwanangu. Mimi nanyonyesha, niko macho.