Machaguo ya mstari wa amri kwa ubora wa huduma: kipimo kiandikwe wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninaandika programu ya kugawa kasi ya intaneti kwenye ruta za Linux katika matawi ya taasisi yetu. Ndani yake inaiita `tc`, amri ya Linux ya kudhibiti kasi ya mtandao, yenye foleni za HTB (mbinu ya kugawa kasi kwa makundi), lakini mafundi wa matawini hawataigusa `tc` yenyewe. Wataandika amri moja, na majina ya machaguo nimeyaweka kwa Kiswahili kwa sababu wao ndio watakaoyatumia. Kwa sasa amri iko hivi (mkupuo ni kiasi cha data kinachoruhusiwa kupita kwa ghafla):

`gawa weka wageni --kikomo 2000 --mkupuo 1600 --uelekeo kutoka`

Hiyo 2000 ni kilobiti kwa sekunde, na maelezo ya msaada yanasema hivyo, ila sidhani kama fundi aliye katikati ya tatizo atayafungua. OpenStack, mfumo wa kuendesha kompyuta za wingu, wameweka kipimo ndani ya jina lenyewe la chaguo: `--max-kbps` na `--max-burst-kbits`. Je, niwafuate, au nimwache mtumiaji aandike `2mbit`? Vilevile, anayetaka kuondoa kikomo aandike `--kikomo 0`?

Jibu la kwanza

Ndugu, kipimo kikae kando ya namba, na namba tupu ikataliwe kabisa. Kukiweka ndani ya jina la chaguo kunasaidia, lakini kuna kasoro mbili: anayetaka gigabiti moja analazimika kuandika 1000000 na kuhesabu sifuri, na herufi hizo `kbps` hazina maana moja kila mahali. Kwa OpenStack ni kilobiti kwa sekunde, ilhali kwa `tc`, ambayo ndiyo programu yako inaiita, ni kilobaiti kwa sekunde, yaani mara nane.

Jambo hili lilinigharimu. Ofisi moja ilikuwa na laini ya megabiti 6, nami nikataka wageni wasizidi kilobiti 512. Niliandika `rate 512kbps`, `tc` ikapokea bila neno, na wageni wakapewa kilobiti 4096, yaani theluthi mbili ya laini yote. Kwa siku mbili simu za ofisi zilikuwa zikikatika sauti, nami nikawa nakagua nyaya na swichi, kwa maana ile amri niliiona sahihi kila nilipoisoma.

Kwa hiyo pokea `kbit` na `mbit` tu. Mtu akiandika `kbps`, usimkisie anachotaka. Mwoneshe njia zote mbili:

`Kosa: 512kbps ina maana mbili. Andika 512kbit ikiwa ni kilobiti, au 4096kbit ikiwa ulikusudia kilobaiti 512.`

Jibu la pili

Naunga mkono, ila mimi naona tatizo kubwa zaidi liko kwenye `--uelekeo kutoka`. Kutoka wapi? HTB hupanga foleni ya pakiti zinazotoka kwenye kiolesura (mlango wa mtandao wa ruta), na faili ambalo mgeni anapakua hutoka kwenye ruta kupitia kiolesura cha ndani. Kwa ruta data hiyo inatoka, kwa mgeni inaingia, na fundi aliyeketi kando ya mgeni ataelewa kinyume cha ulivyokusudia. Liondoe chaguo hilo, uweke mawili yanayotaja kazi ya mtumiaji:

`gawa weka wageni --kupakua 2mbit --kupakia 512kbit`

Kuchagua kiolesura kiwe kazi ya programu. Mkupuo nao usiwe wa lazima, kwa kuwa usipotajwa `tc` huuhesabu yenyewe kwa HTB. Hiyo 1600 yako inafanana na pendekezo la OpenStack la asilimia 80 ya kikomo, ambalo halikuandikwa kwa ajili ya foleni za HTB.

Kuhusu sifuri, ikatae. Mmoja ataisoma kuwa hakuna kikomo, mwingine kuwa asipite mtu, na wote wana haki. Kuondoa kuwe na neno lake, kwa mfano `--bila-kikomo`, kama OpenStack walivyo na `--no-qos-policy`.

Muulizaji

Nashukuru sana, nimeshaondoa `--uelekeo` na namba tupu. Limebaki moja: pakiti za simu nataka zipewe alama ya DSCP, ile namba inayoziambia ruta pakiti ihudumiwe vipi. Fundi mmoja anaandika `--alama 46`, mwingine 184, na kila mmoja anasema ndiyo sahihi.

Jibu la tatu

Wote wanasema kitu kimoja kwa vipimo viwili. DSCP, kama ilivyowekwa na RFC 2474 (hati ya viwango vya intaneti) ya mwaka 1998, ni biti sita za juu za baiti yenye biti nane, hivyo 46 ikizidishwa kwa 4 inakuwa 184. Chaguo `-Q` la `ping` linataka baiti nzima. Ukiipa 46, biti sita za juu zitasomeka 11, na mbili za chini zitaangukia sehemu ya taarifa za msongamano. Kwa sababu hiyo `iperf3`, programu ya kupima kasi ya mtandao, ina machaguo mawili tofauti, `--tos` na `--dscp`.

Wewe pokea kwanza majina ya kawaida ya alama hizo: `--alama EF` kwa sauti, `AF41` kwa video ya mikutano. Namba ikija, iwe kati ya 0 na 63, na inayozidi hapo ikataliwe. Kisha `gawa onesha` iandike yote matatu (jina, namba ya DSCP, na baiti nzima kwa msingi wa 16, ambapo 184 ni 0xb8) kwenye mstari mmoja, ili anayelinganisha na pakiti alizonasa asianze kukokotoa:

`simu   alama EF   dscp 46   baiti 0xb8`