Dilei inakwaruza kwenye lupu ya ampu ya valvu, na sauti inazama yenyewe katikati ya wimbo

SoloKavu_Dar
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana Jumapili ibada iko palepale na mimi ndo napiga solo. Kanisani tuna ampu ya valvu ya wati 40, spika moja ya inchi 12, nyuma ina taa (ndo hizo valvu) mbili kubwa za 6L6 na ndogo tatu za 12AX7. Gita likienda mbele moja kwa moja mlio ni mtamu mno, shida inaanza nikipitisha dilei (pedali ya kurudia sauti) na riverbu (ya mwangwi) kwenye lupu ya nyuma, yale matundu mawili ya kupitishia pedali. Kwanza dilei inakwaruza, yaani nikigonga kodi (nyuzi kadhaa pamoja) kwa nguvu marudio yanatoka yamechanika, ila dilei hiyohiyo nikiiweka mbele kati ya gita na ampu inatulia kabisa. Pili kuna mvumo wa chini hauishi hata nisipogusa nyuzi. Tatu ndo linanichanganya zaidi, hata nikichomoa pedali zote huko nyuma, katikati ya wimbo sauti inazama, inakuwa nyembamba haina uzito, halafu inarudi ikijisikia au mpaka mtu aigonge ampu juu. Fundi mmoja keshasema valvu zimekufa tununue seti nzima, na mnajua wenyewe hapa mjini kupata valvu mpaka uagize. Nianzie wapi?

FundiWaya
Mkuu shikilia hela yako kwanza. Valvu zinachoka ndiyo, ila hapo naona matatizo matatu tofauti yamekutana sehemu moja, usiyatibu kwa dawa moja.

Anza na la kuzama, ndo rahisi kulijua. Ampu yako ni nusu mbili, priampu inayotengeneza mlio na pawa ampu inayosukuma spika, lupu imekaa katikati. Sendi ni mlango wa kutokea priampu, ritani ni mlango wa kuingilia pawa ampu. Sasa usipochomeka kitu chochote, sauti inavukaje? Kwenye ampu nyingi inavukia ndani ya jeki yenyewe, kuna kijiulimi cha chuma kimeegemea kingine, plagi ikiingia kinasukumwa pembeni njia inakatika, plagi ikitoka kinarudi kuegemea. Kijiulimi hicho kikishika kutu au kikilegea, sauti yote ya ampu inategemea mguso mbovu, ndo maana ukiigonga inarudi.

Kwa hiyo fanya hivi, chukua kebo fupi ya gita iliyo nzima, mkato mmoja tu, toka sendi ingia ritani, pedali hakuna. Piga kama kawaida nusu saa. Isipozama tena, valvu zako hazina kosa, mgonjwa ni jeki. Ikiendelea kuzama na kebo ipo, chomeka chanzo kingine kwenye ritani, hata muziki wa simu kwa sauti ndogo. Simu ikitoka vizuri bila kuzama basi tatizo liko upande wa priampu, nayo ikizama ndo uanze kuulizia taa kubwa na ile ndogo inayozilisha.

Mwana_wa_Nyali
Naunga mkono hapo juu asilimia mia. Sisi huku Mombasa hiyo ni kawaida sana ndugu yangu, hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na jeki ya ritani ikikaa miezi bila kuchomekwa kitu hapo ndani panakuwa peusi. Ukipata ile spirei ya kusafishia kontakti za umeme puliza kidogo kwenye plagi, si ndani ya ampu, kisha ingiza na utoe mara nyingi ili ikwangue ule weusi. Hakikisha ni ile ya kontakti kweli, si ya kulainishia bawaba za mlango, hiyo inaacha mafuta na vumbi litashika. Na tafadhali usifungue sanduku mwenyewe, kapasita za ampu ya valvu zinaweza kushika zaidi ya volti 400 hata kama umeshachomoa ukutani, zinaua. Kubadilisha jeki mpe fundi anayejua kuzitoa chaji kwanza.

Besi_Nzito
Kwenye mvumo mimi nauliza, pedali unazipa umeme na nini? Kama ni adapta moja yenye mkia wa vichwa vingi hapo ndo pa kuangalia. Pedali za mbele na za nyuma zikigawana adapta moja, eathi inapata njia mbili za kurudi, kupitia kebo za gita na kupitia waya wa adapta, huo mzunguko unavuta mvumo wa Hz 50 wa umeme wetu. Jaribu dilei peke yake nyuma kwa betri ya volti 9 kama inapokea betri, mvumo ukikata umeshamjua mchawi. Dawa yake ni pawa saplai ambayo kila tundu limetenganishwa na jingine. Angalia pia namba ya mA, yaani kiasi cha umeme tundu linachoweza kutoa, dilei za kidijitali zinakula sana, kwa mfano Strymon TimeLine inataka 300 mA, ukiipa tundu la 100 itapiga kelele au haiwaki kabisa.

Halafu kuna watu watakwambia kata pini ya eathi kwenye plagi ya ampu mvumo uishe. USIFANYE. Wewe unashika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maiki, ampu ikivujisha umeme utapita kwako.

SoloKavu_Dar
Wakuu Mungu awabariki sana. Nimeweka kebo sendi mpaka ritani tumefanya mazoezi yote haijazama hata kidogo! Kebo nimeiacha hapohapo mpaka jeki ibadilishwe. Mvumo nao, nimeipa dilei betri umepungua sana, nitatafuta hiyo saplai. Imebaki dilei kukwaruza tu.

FundiWaya
Safi sana. Hiyo ya kukwaruza ni suala la nguvu ya mawimbi. Pedali nyingi za sakafuni zimetengenezwa kupokea gita, sehemu ndogo tu ya volti, wakati sendi ya ampu nyingine inatoa kiwango cha vifaa vya studio, ile +4 dBu ambayo ni kama volti 1.23, na ukigonga kodi inapanda juu ya hapo. Mlango wa dilei unazidiwa, ndo maana mbele inatulia nyuma inachanika. Tazama nyuma ya ampu kama kuna swichi ya +4 na -10, weka -10, ndo kiwango kidogo. Kama haipo, kwenye ampu nyingi voliumu ya chaneli iko kabla ya lupu na masta iko baada yake, basi shusha ya chaneli upandishe masta. Ikigoma kabisa tafuta dilei ambayo maelezo yake yanasema inapokea kiwango cha laini, yaani hicho kikubwa cha studio.

Kinanda_na_Gita
Samahani kuingilia uzi, mimi lupu yangu ina nobu ya kuchanganya na nikiweka pedali ya korasi (inayofanya gita lisikike kama mengi) mlio unakuwa mwembamba kama umetoka kwenye redio ndogo, nayo ni jeki?

FundiWaya
Hapana kaka, yako ni lupu sambamba, kama zile za Dual Rectifier za zamani. Sauti kavu, yaani isiyo na efekti, inapita ndani ya ampu na pedali yako nayo inaongeza kavu yake, zikikutana zinafutana. Kwa dilei na riverbu zima sauti kavu kwenye pedali, itoe iliyolowa tupu, yaani ya efekti peke yake. Kwa korasi peleka nobu mwisho kabisa upande wa efekti.