Eldorado ya cc 8200: ina nguvu kweli au ni ukubwa wa injini tu?

Mzee wa Kabureta: Wadau, jana hapa gereji Houston tumebishana mpaka saa nne usiku. Mimi nasema Cadillac Eldorado ya 1970 ndiyo mwisho wa gari za anasa za Kimarekani. V8, yaani injini ya silinda nane, ya cc 8200, nguvu za farasi 400, na inavuta kwa magurudumu ya mbele. Mwenzangu anasema ule ni mwili tu, gari ya kifahari yenye injini ya kazi ni Chrysler C-300 ya 1955. Nyie mnasemaje?

Kijana wa Tanga: Chrysler, tena bila kufikiri. cc 5400 tu, kabureta mbili, farasi 300, na mwaka huohuo dereva Tim Flock akatwaa nayo ubingwa wa NASCAR, yale mashindano ya mbio za magari ya Marekani. Eldorado ilishinda wapi? Na hizo farasi 400 ni za kwenye karatasi, 1972 zikabaki 235. Nani kazila? Isitoshe Cadillac ni gari ya kubebea maiti.

Spana Kumi na Saba: Hapo kwenye maiti umenigusa pabaya, mdogo wangu. Unajua kwamba Cadillac hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ambulensi Marekani mpaka miaka ya sabini? Kuna watu wamezaliwa ndani yake. Chunga mdomo.

Bint Muscat: Hakuna aliyezila, kaka. 1971 walishusha mgandamizo wa silinda kutoka 10 hadi 8.5 ili injini ikubali petroli yenye madini ya risasi kidogo, farasi zikawa 365. 1972 wakabadilisha upimaji. Zamani injini ilipimwa uchi, bila feni wala eya klina, moshi unatoka bila kizuizi. Sasa wakaipima na vyote ilivyovaa ndani ya gari. Kutoka 365 kwenda 235 ni vipimo, injini ni ileile. Mtu asiyejua hilo asiseme "karatasi".

Kijana wa Tanga: Dada, mimi nimeuliza mbio, sikuomba kufundishwa. Unaniita mjinga mbele ya watu?

Bint Muscat: Sijakuita hivyo. Hapa Muscat baba yangu ameendesha gari za Kimarekani maisha yake yote, naumia zikisemwa ovyo.

Omondi V8: Mbio? Mbona hamtaji Lincoln? Carrera Panamericana 1952, Mexico nzima kutoka kusini hadi mpaka wa Texas, Lincoln zikachukua nafasi nne za kwanza kwenye kundi la gari za kawaida. 1953 zikarudia nne vilevile.

Spana Kumi na Saba: Omondi subiri, mimi sijamaliza na huyu wa maiti. Cadillac ya kwanza kuifungua mimi ilikuwa ya nyumba ya mazishi, cc 7700. Mwenyewe hakutaka mbio. Alitaka itembee mwendo wa mguu, saa nzima, jua la Texas, kipupwe kinanguruma, watu wanalia nyuma, na isichemshe. Niliosha rejeta, nikabadilisha feni, nikaisindikiza msafara mzima macho yangu kwenye geji. Sindano haikutikisika. Hiyo si nguvu? Ipeleke injini ya mbio pale uone.

Kijana wa Tanga: Kutochemsha si nguvu, mkuu. Hata pampu ya kisima haichemshi.

Mzee wa Kabureta: Pampu ya kisima! Umewahi kusimama karibu na Eldorado boneti likiwa wazi, mwenzako akakanyaga mafuta? Kabureta ile ina matundu manne. Mawili ya mbele ni madogo, ndiyo ya kutembelea mjini. Ukikanyaga hadi chini yanafunguka mawili ya nyuma, makubwa unaingiza vidole vitatu, na unasikia hewa inavutwa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Gari ya zaidi ya tani mbili inainua pua.

Omondi V8: Breki zinaisimamisha lakini?

Mzee wa Kabureta: Breki tutaongea siku nyingine.

Kijana wa Tanga: Hujajibu, lakini sawa. Niko Dallas siku hizi. Nikija na Chrysler yangu, mzee, utakubali tupimane?

Spana Kumi na Saba: Uje na ya maiti nitakayokupa mimi uendeshe. Saa nzima, mwendo wa mguu.

Mzee wa Kabureta: Njoo Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mafuta ya Eldorado juu yako.