Mrejesho: Mass Recall sasa inafunguka

Wakuu, niliuliza kwa nini Mass Recall, ile kampeni ya mashabiki inayorudisha misheni za mchezo wa kompyuta wa StarCraft wa 1998 ndani ya StarCraft II, inagoma kufunguka. Aliyesema nikague folda alipatia. Programu ya kufungua faili la zip (lililobanwa) ilikuwa imeweka folda ndani ya folda, hivyo mchezo haukuziona faili zake. Nimezihamisha zikae moja kwa moja ndani ya folda ya Mods ya mchezo, ramani zikaenda folda ya Maps, kisha nikaburuta ramani ya kuanzia hadi juu ya SC2Switcher, programu inayofungua StarCraft II. Ikawaka!

Nimeanza na Terran, upande wa binadamu. Hadithi ya wahusika Raynor na Kerrigan ni ileile, ila mwonekano ni mpya kabisa, na kazi hii yote mashabiki wameitoa bure. Wanastahili heshima kubwa. Zerg, wale viumbe wa anga za mbali, wanafuata.