Lita 40 au lita 120? Sponji au chujio la kuning'inia? Naomba ulinganisho

Mkia_Mrefu
Habari zenu wakuu. Nataka kufuga samaki wa aina mbalimbali kwenye tangi moja sebuleni. Tangi la lita 40 linaenea juu ya kabati nililonalo, la lita 120 litahitaji stendi yake. Chujio nalo nimebaki na mawili: la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, au lile la kuning'inia ukingoni lenye mota. Samaki ninaowafikiria ni gapi, neoni tetra, koridorasi na samaki malaika mmoja. Nilinganishieni, hasa upande wa matunzo.

Ziwa_Dogo
Lita 120, mkuu, bila kusita. Wengi huamini tangi dogo ndilo rahisi kwa anayeanza, kumbe ndilo gumu. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na katika maji machache amonia hupanda upesi. Joto nalo hubadilika upesi. Kwenye maji mengi unapata nafasi ya kugundua tatizo kabla samaki hawajaanza kutweta juu ya maji. Angalia tu uzito: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ukijumlisha kioo na changarawe unavuka kilo 140. Stendi iwe imara na isiinamie upande, maana tangi lililokaa vibaya huja kupasuka.

Samaki malaika mwondoe kwenye orodha. Akikua, neoni anaenea mdomoni mwake, na atamla.

Sponji_Tu
Kwenye chujio mimi nasimama na sponji. Vifaranga vya gapi havinyonywi, mkondo wa maji ni mpole, na kitu cha kuharibika ni pampu peke yake. Watu husahau kwamba kazi kubwa ya chujio ni kuwapa makao bakteria. Wapo wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Sponji ina vitundu vingi mno vya bakteria hao kushika. Ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua.

Pampu iweke juu zaidi ya usawa wa maji, au ufunge vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kupitia mpira wa hewa mpaka sakafuni.

Bi_Kobe
Ndugu yangu Sponji_Tu yuko sahihi kuhusu bakteria, lakini amepita haraka kwenye uchafu unaoelea. Koridorasi huchimbachimba chini kutwa nzima, na kwenye tangi la lita 120 sponji moja huacha vumbi likizunguka. Chujio la kuning'inia hulikamata, na maji yanabaki maangavu. Shida yake ni zile katriji, yaani vifuko vya kuchujia vilivyomo ndani, ambazo maelekezo husema uzitupe kila mwezi: unatupa bakteria pamoja nazo, kisha amonia inarudi na mtu anashangaa samaki wamekufa kwenye tangi "safi". Toa katriji, jaza sponji ya kawaida humo humo, nayo uikamue kama alivyoeleza mwenzangu. Mdomo wa kunyonya uuvalishe sponji ndogo, na vifaranga watakuwa salama.

Tena, chini weka mchanga laini. Changarawe yenye ncha hukwaruza sharubu za koridorasi.

Mvua_za_Masika
Hakuna aliyegusa maji yenyewe? Gapi hupenda maji magumu, yaani yenye madini mengi kama chokaa, na pH (kipimo cha asidi) kati ya 7 na 8. Neoni kwa asili ni wa maji laini, yaani yenye madini machache, na asidi kidogo, ingawa wanaozalishwa kwenye mashamba ya samaki huvumilia zaidi. Pima maji ya bomba lako kwanza, ndipo uchague samaki. Kuyageuza maji kila wiki ili yamfuate samaki ni kazi isiyoisha. Kama ni magumu, chukua gapi na uwaache neoni; kama ni laini, fanya kinyume chake. Koridorasi hawasumbui sana, ila wawe sita au zaidi, na neoni vilevile. Wakiwa wachache huishi kwa woga.

Mkia_Mrefu
Asanteni sana. Basi ni lita 120, na malaika nimemwacha. Je, nikijaza maji leo, kesho naweza kuweka samaki?

Ziwa_Dogo
Hapana, tafadhali. Bakteria hawajakuwepo bado. Washa chujio na hita kwenye nyuzi 25 hivi, tia amonia isiyo na sabuni wala manukato, ndiyo chakula cha bakteria hao, mpaka ifike miligramu 2 kwa lita, kisha pima kila baada ya siku chache. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Siku dozi hiyo itakapoisha ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote zikisoma sifuri, badilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati, ndipo ulete samaki. Anza na kundi moja. Ukipata sponji iliyotumika kwenye tangi lenye samaki wazima, muda unapungua sana.

Sponji_Tu
Hapo Ziwa_Dogo namuunga mkono. Kwa kila wiki: badilisha asilimia 25 ya maji na ufyonze uchafu wa chini. Maji mapya yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha ndoo wazi usiku kucha huondoa klorini, lakini kama mamlaka yenu ya maji hutumia kloramini (mchanganyiko wa klorini na amonia), haitoki kwa njia hiyo.

Bi_Kobe
Na taa isizidi saa 8 kwa siku, la sivyo mwani utafunika kioo. Mkia_Mrefu, ukishapima ugumu na pH vilete hapa tukusaidie kupanga samaki.